Kiambo cha Shangazi

Shangazi yangu anaponda kokoto tangu hajaolewa, na ameachika mara mbili bila kuiacha nyundo. Mkono wake wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Kidole kimoja hakina ukucha: jiwe liliunyofoa, akafunga kitambaa, akaendelea kujaza debe. Kuna mwanamume wa machimboni aliyewahi kumwibia kokoto, akapigwa teke la goti. Mpaka leo anachechemea, na wakikutana yeye ndiye huwahi kuamkia.

Baba ni mdogo wake, fundi cherehani. Wamezaliwa kwenye kipande hikihiki tunachokaa, ambacho sasa barabara mpya inapita kando yake na bei imepanda. Baba alikiita kiwanja. Shangazi hukiita kiambo, na ukisema kiwanja mbele yake umetafuta ugomvi. Nilifungua kamusi ya shule nikakuta maneno machache tu, makao ya watu wa jamaa moja. Sikuridhika, nikamwuliza mwenyewe. Akaniambia kiwanja kina namba, shamba lina mazao, lakini kiambo kina watu, walio hai na waliozikwa. Ndiyo maana hata aliyezaliwa mbali husema anarudi kiamboni, hasemi anakwenda.

Jumamosi moja asubuhi alikuja mnunuzi na karani wa ardhi, na vijana wanne wenye mitarimbo. Baba alikuwa amekubali kuuza kimyakimya. Vijana hawakungoja karatasi, wakaanza na ukuta wa jiko. Jirani alikimbia machimboni, na shangazi akaja mbio, nyundo mkononi, vumbi mpaka kwenye kope. Kijana wa kwanza alimsukuma akaangukia ndoo. Shangazi alipoinuka alimshushia nyundo ya bega, nikausikia mfupa. Wa pili akampiga shangazi mtarimbo wa mdomo. Akatema meno mawili, akasonga mbele.

Barazani karani alikuwa ameshafungua wino, na dole gumba la baba lilikuwa jeusi tayari. Shangazi aliushika mkono ule, akaubana mezani, akaupiga nyundo. Baba alitoa sauti ambayo sikujua anayo. Karatasi ikalowa damu.

Mnunuzi akasema hata dole la kushoto linafaa. Karani akatoa karatasi nyingine.

“Umeniua mkono, dada,” baba alisema. “Nitashika mkasi kwa mkono gani?”

“Mama yuko nyuma ya hilo jiko wanalobomoa,” shangazi akamjibu, damu ikimtiririka kidevuni. “Umemuuza na yeye, au yuko nje ya bei?”

Karani akauliza kama kuna kaburi. Mnunuzi akamgeukia baba, akasema hilo hakuambiwa.

Baba aliutia mkono wa kushoto kwapani, akaubana hapo.

“Makaburi yapo saba,” alisema. “Hiki ni kiambo chetu. Ondokeni.”

Karani alikuwa wa kwanza kufunga mkoba. Wengine wakafuata, wamembeba mwenzao, matusi yao tukayasikia mpaka kwenye kona.

Yule wa bega alishtaki. Baba alikwenda mahakamani kumtetea dada yake, bandeji mpaka kwenye kiwiko. Hakimu alimwuliza nani amemvunja mkono. Baba akajibu, uso mkavu kabisa, kwamba ni cherehani. Watu wakacheka. Shangazi alifungwa miezi minane.