Taarifa Ambayo Mama Bura Hakuiandika

Nakumbuka asubuhi moja ya mavuno ya ngano, mashine za shamba la serikali zikinguruma mpaka dirishani kwangu, mama mmoja alisimama mlangoni mwa ofisi yangu na ndoo ya kupigia deki. Nilimfukuza, mwanangu, tena kwa maneno ya shule.

Umeniambia unakwenda kusomea shahada ya uzamili ya uongozi wa huduma za afya, nami nimefurahi. Mimi pia nilipelekwa kusomea uongozi, nikiwa tabibu kijana. Nilirudi Hanang na cheti, nikakabidhiwa kituo cha afya kando ya mashamba ya ngano, na kichwa kikavimba. Mama Bura, mhudumu wetu, mzaliwa wa Endagikot, alikuwa na umri wa mama yangu. Kabla ya masomo nilimwamkia kila siku. Niliporudi nikaona mkuu wa kituo hawezi kumwamkia mfagizi, nikawa nangoja aanze yeye. Kwetu huku, hilo peke yake lilitosha watu kujua nimeharibika.

Chanjo zetu zilikaa kwenye friji la mafuta ya taa. Friji la namna hiyo lina tabia zake kama ng'ombe wa maziwa: utambi usipokatwa vizuri, moto hutoa moshi, kisha huzima. Kwa miaka mingi Mama Bura ndiye aliyelitunza. Mimi nikapanga majukumu upya, kama nilivyofundishwa. Friji likaenda kwa muuguzi mwenye cheti ambaye hakuwahi kukata utambi, na Mama Bura akabaki na deki. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini katika kituo changu hakuna aliyethubutu kuuliza.

Basi asubuhi ile Mama Bura alianza kunieleza habari za friji. Sikumwacha amalize.

"Mama, kila taarifa iandikwe," nikamwambia. "Kisha ipite kwa muuguzi wa zamu."

"Sawa, mganga," akasema, akaokota ndoo yake.

Nilijua hajui kuandika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilijua.

Wiki iliyofuata tulichanja watoto wa kijiji jirani, tukajaza kadi zao vizuri kabisa. Surua ilipoingia miezi michache baadaye, watoto wale wale wakaugua. Mmoja, binti aliyeitwa Theresia, alifia wodini kwetu. Mama yake akanionyesha kadi, akaniuliza kama sahihi ile si yangu. Nikamjibu kwamba ni mapenzi ya Mungu. Nilimsingizia Mungu, mwanangu.

Ndipo nilipomfuata Mama Bura. Nilimkuta anafua mashuka nyuma ya wodi, nikasema shikamoo, ya kwanza tangu nitoke masomoni. Akaitikia marahaba bila kuinua macho. Akanisimulia yote: friji lilizima siku mbili, chanjo zikapata joto zikaharibika, kisha muuguzi akaliwasha tena kimyakimya. Alipomaliza akanitazama.

"Ningekuwa najua kuandika, ungesoma?"

Chanjo zilizobaki nilizitupa, watoto tukawachanja upya, na utambi ukarudi mikononi mwake. Lakini kwa mama yake Theresia sikwenda. Kila mwaka nilisema nitakwenda, mpaka nikasikia naye amezikwa. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyu wangu amezeeka pamoja nami hapa Bashay.

Kwa hiyo nenda kasome, tena kwa bidii, maana elimu ile ni nzuri na mwenye kosa nilikuwa mimi. Ukirudi, kabla hujakalia kiti cha ofisi, waamkie wanaopiga deki, uwaulize wameona nini. Asiyejua kuandika, mwandikie wewe. Na siku utakapokosea, maana utakosea, nenda kwa mwenye msiba ukamwambie kwa mdomo wako, angali hai.

Mungu akutangulie huko uendako, akupe ulimi wa kusalimia na subira ya kumsikiliza mtu mpaka amalize. Na cheti chako kisije kikamfanya mama yeyote aokote ndoo yake na kuondoka na neno lake.