Mkono wa Mvuta Pazia

Katika jumba lile la maigizo walimwita Taratibu, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya upole. Alilipata kwa namna alivyovuta pazia. Kazi yake ilikuwa hiyo tu, na ukimwambia kwamba hata mtoto anaweza kuvuta kamba, alikutazama kana kwamba umemtukania mama. Pazia likifunguliwa haraka, alisema, watu wanaona mbao na rangi. Likifunguliwa taratibu, wanaona mchezo. Maneno hayo alimwambia kila mwigizaji mpya, na wazoefu waliyamalizia kwa pamoja nyuma ya mgongo wake.

Alikaa kwenye kigoda pembeni ya jukwaa, mahali ambapo aliwaona waigizaji lakini ukumbi aliusikia tu. Msimamizi wa jukwaa aligonga sakafu mara mbili kwa kisigino, watu wakanyamaza, na mikono ya Taratibu ikaanza kazi bila kumsubiri awaze. Kuna mara alivuta pazia huku amesinzia, nalo likafunguka bila kosa. Kisa hicho alikisimulia kwa majivuno, akikitia chumvi kidogo kila mara, na msimamizi wa jukwaa alicheka kuliko wote. Laiti Taratibu angelijua, angeufyata ulimi.

Nyuma ya jukwaa, kwenye chumba cha mavazi chenye pasi mbili na dirisha moja bovu, alikuwapo dada yake mdogo, wa tumbo moja. Wazazi walipofariki Taratibu ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemshika mkono akampeleka pale kuwa fundi wa mavazi. Kaka mtu alikuwa mzito wa maneno. Dada mtu alipewa ya watu wawili.

Mambo yalianza fundi taa alipoanguka. Alikuwa juu ya ngazi anabadilisha balbu, ngazi ambayo mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya na kila mtu aliujua waya huo. Nyonga ikavunjika. Mwenye jumba alituma salamu za pole, kisha akatafuta fundi taa mwingine. Hakuna aliyeweza kusema kitu, maana hakuna aliyekuwa na mkataba. Mtu alikuja kazini leo kwa sababu jana hakufukuzwa.

Dada mtu akaanza kuwaita wenzake mmoja mmoja chumbani kwake, eti anawapima viuno. Kwa muda mfupi watu wote wa jumba lile, hadi mfagiaji, walikuwa wamepimwa viuno, isipokuwa msimamizi wa jukwaa, aliyekuwa mtu wa mwenye jumba. Walikubaliana wataomba mikataba, matibabu kwa anayeumia kazini, na ngazi nzima. Walipokwenda kwa mwenye jumba aliwapokea vizuri, akawapa viti, akasema ataliangalia. Aliliangalia kwa miezi.

Ndipo walipokata shauri. Siku ya kwanza ya mchezo mpya, mchana, ukumbi ukiwa umejaa wageni wa heshima, wote wangevaa na kusimama mahali pao kama kawaida, ila pazia lisifunguke mpaka mwenye jumba aje nyuma wazungumze. Waigizaji wengine waliingiwa na woga. Wana watoto, walisema, na unga ukimwagika nani atauzoa?

"Pazia likiwa limefungwa, hakuna atakayejua nani kagoma na nani hakugoma," dada mtu aliwaambia. "Na anayeshika kamba ni kaka yangu. Mnataka dhamana gani tena?"

Wakatulia wote. Taratibu mwenyewe alijisikia mtu mkubwa siku hiyo, na tangu hapo hajawahi kujisikia hivyo.

Siku ikafika. Wageni walipiga makofi ya kuhimiza, wakakohoa, mwisho wakaanza kupiga miguu chini. Mwenye jumba alikuja nyuma jasho likimtiririka. Alifoka kidogo, akabembeleza kidogo, kisha akajikuta ameketi chumba cha mavazi juu ya rundo la magauni, mbele ya dada mtu aliyesimama mlangoni panapoonekana jukwaa, akisema haya, basi, semeni mnachotaka. Alikuwa ameshalegea. Kila aliyekuwapo chumbani humo amethibitisha hivyo.

Wakati huohuo msimamizi wa jukwaa alimwendea Taratibu. Hakumtisha, hakumwahidi kitu, wala hakumsemesha. Alisimama pale anaposimama siku zote, akatazama mbele, akagonga sakafu mara mbili kwa kisigino.

Ukumbi ukanyamaza, na mikono ikavuta.

Taratibu alipogutuka, pazia lilikuwa nusu. Mwanga wa taa ulikuwa umemwangukia mwigizaji mkuu, bibie aliyekuwa ameapa kugoma kwa sauti kubwa kuliko wenzake, naye amekodoa macho kama mwizi aliyemulikwa. Kamba bado ilikuwa mkononi. Kuivuta upande wa pili kulitaka pumzi moja tu, pazia lirudi na watu wajifiche tena. Alilijua hilo. Akavuta, taratibu, mpaka mwisho.

Watu wote wanakutazama, umefundishwa miaka yote kwamba pazia likifunguka unasema; bibie akasema. Mwenzake akamjibu. Makofi yalipolipuka yakafika hadi chumba cha mavazi, na mwenye jumba akainuka, akakung'uta suruali, akamshukuru dada mtu kwa mazungumzo mazuri.

Dada mtu hakumaliza juma hilo kazini, yeye na wengine waliotajwa. Fundi taa anatembea kwa gongo mpaka leo na hakupata hata aspirini. Taratibu alipigwapigwa bega na mwenye jumba. Mitaani walisema kahongwa, na aliumia, maana ilikuwa uongo, na kwa sababu ukweli wenyewe ulikuwa wa kijinga kuliko uongo huo.

Alikwenda kwa dada yake siku ileile ya mchezo, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Ni mkono, mdogo wangu," alisema. "Nakuapia, ni mkono."

"Najua, Kaka," alijibu, akamwekea kiti.

Hakumlaumu, si siku hiyo wala miaka iliyofuata. Alinunua cherehani akawa anashona sare za shule sebuleni, na kaka mtu alikuwa akienda Jumapili kumkatia nyuzi. Walizungumza habari za watoto, za majirani, za mvua. Jumba la maigizo halikutajwa, na Taratibu alijaribu kuamini kwamba yamekwisha.

Kisha jumba lile likawekewa mashine ya kuvuta pazia. Unabonyeza tu. Taratibu aliambiwa asante na akaonyeshwa mlango, na alipouliza kuhusu haki zake, kijana wa ofisini alimwomba kwa adabu amwonyeshe mkataba. Alitoka moja kwa moja hadi kwa dada yake, akamsimulia yote, na akacheka, kwa kuwa hakuona la kufanya zaidi ya hilo.

Dada mtu hakucheka. Alisimamisha cherehani.

"Kufungua nilikusamehe siku ileile," alisema. "Nimengoja uniambie lile jingine, hukusema. Mbona hukufunga?"

Taratibu alitazama mikono yake. Alikuwa na majibu mengi aliyojiandalia kwa miaka: mshtuko, woga, umri. Alitaka kuchukua mojawapo, likagoma kutoka.

"Lilikuwa linafunguka vizuri," alisema. "Watu walinyamaza kabisa. Sikuwa nimewahi kuwasikia wakinyamaza vile."

Dada yake alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare, akapenga kamasi.

"Nilikuwa mlangoni, nililiona," alisema. "Kweli lilifunguka vizuri."

Akarudisha mguu kwenye cherehani, na Taratibu akaokota mkasi akaendelea kukata nyuzi.