Kipande cha Khanga cha Monika

Siku zetu, sisi tuliokulia Kisarawe, doti ya khanga haikuwa ya mtu mmoja. Mashoga mkipendana kweli mnaikata, kipande kwako, kipande kwa mwenzio. Wajukuu zetu siku hizi wanagawana bando.

Yangu niligawana na Monika, binti wa jirani. Nyekundu, maua meupe. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, na hakuna aliyetuuliza. Tulicheza rede mpaka vumbi likatuganda miguuni, tukachoma korosho mpaka utomvu ukatubabua midomo. Jioni nikienda chuoni kusoma Kurani, ananisubiri barazani kwetu, anamenya mihogo na mama.

Tulipofika miaka kumi na minne Monika akashikwa na homa. Siku tatu tu, akatutoka. Maalim wetu wa chuoni akatukusanya wasichana: "Atakayetia mguu kanisani, swala yake haipandi."

Mungu nilimwamini, na mpaka leo alfajiri hainipiti. Lakini moyo uliniuliza: Mungu gani huyo atanichukia kwa kumuaga shoga yangu? Nikaogopa, nikaunyamazisha. Siku ya maziko nikasimama barabarani na khanga yangu kifuani, ile niliyotaka kumfunika nayo. Jeneza likatoka limekwisha fungwa.

Baba yangu, mtu wa swala tano, alikuwa ndani toka mwanzo. Njiani akasema, "Mama yake Monika alikuwa anakutafuta." Nikamweleza maneno ya Maalim. Akasimama.

"Mimi nimeingia. Umeniona nimetoka na msalaba shingoni?"

Nikalia. Akanishika bega, akasema taratibu, "Si ungeniuliza, mwanangu."

Sasa mwaka huu mjukuu wangu Zuhura, ninayekaa naye hapa Misugusugu, kafiwa na rafiki yake wa dawati moja. Mtoto huyu hata wali umeiva au bado anaiuliza simu. Nikadhani kichwani hamna kitu. Ustadhi wake naye kamkataza kuingia kanisani. Akaja jikoni.

"Bibi, nikiingia kumuaga Neema, Mungu atanikataa?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona hatanikataa. Nitamwombea humo humo, halafu nirudi niwahi adhuhuri. Ustadhi akinigombeza, nitamjibu kwa adabu."

Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamtolea kile kipande. "Jitande hiki."

Alirudi macho yamevimba, akatawadha, akaswali. Nilimtazama akisujudu amejitanda khanga yangu, nikasema moyoni, huyu ni wangu kabisa, na kanizidi.

Enzi zetu tulikuwa na adabu, na rede, na korosho za kuokota. Ulimi wa kuuliza hatukuwa nao. Zuhura kamwona mwenzake mara ya mwisho, atakumbuka alivyolala. Mimi uso wa Monika umeshanipotea. Nimebaki na wekundu wa khanga, nao umepauka.