Nilitoboa Pipa la Mbege kwa Biti ya Zege, Nikamsingizia Ng'ombe

Kosa ni langu. Si la drili, si la pipa, na wala si la ng'ombe, ingawa ng'ombe ndiye niliyemsingizia. Naomba nikueleze wewe, ndugu msomaji, maana hapa kijijini kila nikifungua mdomo watu wananililia "mooo!"

Jina langu libaki kwangu, lakini ujue unaongea na nani. Mimi ni mtu niliyejijenga mwenyewe. Nilitoka nyumbani na begi moja, nikajisomesha hadi diploma ya ujenzi, nikaenda Uarabuni, nikafanya kazi miaka sita kwenye maghorofa ambayo ukiyatazama juu kofia inadondoka. Kazi yangu ilikuwa kutoboa zege. Zege asubuhi, zege mchana, zege jioni! Niliporudi Moshi nilishuka na drili ya betri na biti zake za kutobolea ndani ya sanduku lake, na hakuna mtu wa ukoo wetu aliyeruhusiwa kuishika kabla ya kunawa mikono.

Sasa, nilikuwa nachumbia. Binti wa Sanya Juu. Nitamwita Aika, ingawa si jina lake. Jumamosi wazee wetu walikuwa waende kwao na mbege, pombe yetu ya ndizi, kuzungumza mahari. Wenzangu wa huku mlimani mnajua: bila mbege, wazee hawafungui kikao. Mama yangu alishinda wiki nzima akipika ndizi na kukoroga ulezi aliouloweka ukaota, akaimimina mbege kwenye pipa la babu. Pipa hilo ni la mringaringa, limechongwa kutoka gogo moja, na lina miaka mingi kuliko baba yangu.

Mimi nikalitazama nikaona aibu. Mtu wa diploma, mbege yake ichotwe kwa kata? Hapana! Nikaamua kulifungia koki kwa chini, ili Jumamosi asubuhi tufungue tu na kujaza madumu kama watu walioendelea.

Ijumaa nikashuka mjini, Njoro, kununua koki. Dada wa dukani akaniuliza, "Unaifunga kwenye nini, kaka?"

"Pipa la mti."

"Biti ya mbao unayo? Ipo hii, ona, ina kamwiba katikati na makali pembeni."

"Dada yangu, mimi nimetoboa maghorofa. Biti inayoingia kwenye zege itashindwa na mti?"

"Ya zege haikati, kaka. Inaponda."

"Una diploma ya nini?"

"Sina."

"Basi nipe koki."

Akanipa. Alivyonitazama, jamani!

Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameenda kukata majani ya ng'ombe. Utaniuliza, pipa lilikuwa limejaa? Lilikuwa limejaa! Hesabu yangu ilikuwa nitoboe, nichomoe biti, nichomeke koki, yapotee matone mawili.

Biti ikazunguka palepale. Haikuingia. Ilisugua mti mpaka ukatoa moshi! Mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikawasha kitufe cha kugonga, kile cha zege. Tatatatata! Pipa likalia kwaa, ufa ukakimbia kutoka chini hadi juu, mbege ikatoka kama mto wa masika. Niliziba kwa viganja, nikaziba kwa magoti, nikavua shati la Uarabuni nikaziba nalo. Wapi! Kuku wakaja kunywa.

Mama akatokea na mzigo wa majani kichwani. "Yesu wangu! Nini hiki?"

Hapa ndipo ilipo dhambi yenyewe. "Ng'ombe, mama. Amekata kamba, amelipiga pipa teke."

Mama akanusa hewa. "Na huyo ng'ombe alikuwa anavuta sigara?"

Alitua majani, akachukua ndoo, akaenda nyumba kwa nyumba kuomba mbege, na kila mlango akasema ni ng'ombe. Mama yangu, mzee wa kanisa! Aliubeba uongo wangu pamoja na ndoo.

Jumamosi tukafika Sanya Juu. Baada ya shikamoo na maombi, baba mdogo wa Aika, msemaji wao, akaonja dumu la kwanza. Akaonja la pili. Akarudi la kwanza.

"Hii mbege ina mama wangapi? Hapa tamu, hapa kali, kila dumu na jiko lake?"

Baba mkubwa, msemaji wetu, akanigeukia. Nami kwa sauti ya diploma nikaeleza jinsi ng'ombe wetu alivyo mkorofi, alivyokata kamba, alivyopasua pipa la urithi.

"Ng'ombe yupi?" akauliza baba mdogo wa Aika.

"Yule mwekundu."

Mzee akaliweka dumu chini.

"Mwekundu huyo huyo mliyesema mnatuletea kwenye mahari?"

Ndugu msomaji, nilikuwa nimesahau!

"Anayepasua mapipa?" akaendelea mzee. "Mnataka amuue mama Aika akimkamua? Kaeni naye. Mkipata ng'ombe mwenye adabu, mtarudi."

Baba mkubwa akaanza kutafuta kofia yake. Mama alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua pindo la kitenge. Ng'ombe yule amemlea tangu ndama, na hajawahi kumwaga hata kikombe cha maziwa.

"Si ng'ombe," nikasema. "Ni mimi."

Nikaeleza yote: biti, moshi, kitufe. Wazee walicheka mpaka mmoja akatolewa nje apate hewa. "Zege!" wakapokezana, wakanipa na uchifu. "Mangi, si ungekuja na saruji kabisa!"

Ng'ombe alikubaliwa hapo hapo. Mimi ndiye niliyekataliwa. Aika alikuwa mlangoni na sinia la ndizi, hakucheka hata kidogo. Akaniita kule migombani.

"Pipa sina shida nalo. Shida yangu ni ng'ombe. Siku ukiharibu kitu nyumbani kwetu sisi wawili, utamsingizia nani? Mimi?"

Diploma yangu haikuwa na somo hilo.

Akatoa sharti: nipike mbege nyingine kwa mikono yangu, iliyo sawa, ndipo tuzungumze tarehe. Nimeshapika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa chungu kama dawa. Ya pili ilirudishwa dumu likiwa limejaa. Pipa la babu mama hakulitupa. Ameliegemeza ukutani, ufa unatazama mlango wa chumba changu.

Wewe mwenye drili, nakusihi! Ya zege ni ya kuponda, iache kwenye zege na tofali. Mti unataka biti yenye makali. Chuma kina yake, na taili za sakafu nazo zina yake, wala usithubutu kuziwashia kitufe cha kugonga. Kama hujui, uliza. Kama umeshaharibu, sema mapema, kabla mama yako hajabeba ndoo.

Jana Aika alipiga simu kuuliza kama ulezi wa safari ya tatu umeota. Ulimi uliniwasha kusema umeota vizuri sana. Nikamwambia, "Bado. Nadhani niliumwagia maji mengi."

"Haya," akasema. "Loweka mwingine. Nasubiri."