Uzi Mweusi wa Bi Shemsa

Bi Shemsa alijua kuuza. Mumewe alimwacha na watoto wawili na mkeka, naye akaanza kupita nyumba kwa nyumba, bangili za huyu na kanga za yule zimefichwa ndani ya buibui, akiwauzia wanawake wasiotoka. Mwaka ule wa sitini na tano, watu walipokuwa wakihama baada ya Mapinduzi, hata makabati na vitanda vilipita mkononi mwake. Siri ya kazi ilikuwa moja: kumwonesha mnunuzi upande usio na ufa. Hata mwanawe Simai alimficha ufa vivyo hivyo.

Simai alikuwa mshona magodoro katika duka la Masoud, Mkunazini, na kazi nyingine akiimalizia uani kwao. Kijana mpole, mkono wake mwepesi. Lakini zilimjia nyakati akasikia watu wanazungumza ndani ya pamba ya msufi, wanamtaja kwa jina. Hapo hulifumua godoro la mteja, akatia mkono mpaka begani kuwatafuta. Bi Shemsa humpeleka shamba, Matemwe, kwa jamaa zake, akakaa huko mpaka atulie, na mjini akasema, "Simai kenda Pemba, karafuu." Godoro hulishona mwenyewe kwa uzi alio nao, mweusi wa kushonea mabuibui, kisha likapelekwa kwa mteja, naye akalilalia. Miaka ikapita hivyo. Alikuwa na binti wa kuoza, Mwatima, na nyumba yenye mwendawazimu haibishwi hodi na wachumba.

Siku Simai alipomgeukia Masoud dukani na kumpiga mtaimbo wa kichwa, akafa papo hapo, mtaa mzima ulikubaliana: hasira. Bi Shemsa hakumpinga mtu. Wakili wa utetezi alipomuuliza kama kijana amewahi kuumwa akili, alijibu, "Mwanangu hana kitu." Alidhani ugomvi wa wanaume una kifungo, na kifungo kina mwisho.

Kesi ikaja mahkamani Vuga. Daktari wa wagonjwa wa akili, mgeni aliyezungumza kupitia mkalimani, alisimama akasema kijana huyu ni mgonjwa, na siku ile hakujua anachokitenda. Watu waliojaa mpaka ukumbini waliangua kicheko. Mwendesha mashtaka akamuuliza: umemjua lini?

"Baada ya kukamatwa," alisema daktari. "Lakini ugonjwa huu hauanzi kwa siku moja. Waulizeni wa nyumbani kwake."

Wa nyumbani kwake alikuwa amekaa safu ya nyuma. Hapo ndipo wakili alipomwinamia. "Bi mkubwa, daktari asipoaminiwa, si kifungo. Ni kitanzi."

Jioni barazani daktari alichambuliwa kama samaki. Aliyevuma zaidi ni Usi, mpakaji chokaa, mtu wa mdomo.

"Mimi Simai namjua toka mtoto! Kanibebea godoro langu mpaka kitandani, kanisalimia, Shikamoo Ammi Usi. Mwendawazimu gani ana adabu vile? Leo mtu kaja na meli ataniambia mimi?"

"Daktari kasoma," mtu alisema.

"Kasoma vitabu. Simai kamsoma lini?"

Wakacheka. Bi Shemsa alipita na furushi lake, akakisikia kicheko, akakata kona.

Nyumbani alimkuta Bi Wanu, mama wa mchumba wa Mwatima, keshakaa mkekani.

"Mwenzangu," alianza Bi Wanu, "mtu akiua kwa hasira, hiyo shari ya siku moja. Mola atatuhifadhi, na harusi ipo. Lakini wazimu unatembea na damu. Mimi nataka wajukuu, sitaki kuwafunga kamba. Nawe umekaa kimya, umefanya vizuri. Kaa vivyo hivyo."

Bi Wanu alipotoka, Bi Shemsa aliipiga hesabu kama anavyoipiga ya kabati bovu. Katika kuuza kwake, kasoro aliyoitaja mwenyewe ilimshushia bei, lakini ile aliyoivumbua mnunuzi ilimwondoshea mnunuzi na jirani zake wote. Kasoro ya Simai ilikwisha kuvumbuka, na imeua mtu. Kimya chake hakikuwa kinaficha tena, kilikuwa kinanyonga.

"Mwatima, umesikia aliyoyasema?"

"Nshasikia," alisema binti, hakuinua uso kutoka kwenye mbuzi ya nazi. "Kanga za harusi zitavaliwa tu, mama, hata kama nitazivalia kuuza vitumbua."

Asubuhi Bi Shemsa alisimama kizimbani akayasema yote: sauti, Matemwe, karafuu zisizokuwepo. Mwendesha mashtaka alitabasamu.

"Mama atasema lolote kumwokoa mwanawe."

"Kweli, bwana, ningesema lolote," alijibu. "Basi msiniamini mimi. Kageuzeni magodoro yenu. Simai hushona kwa uzi mweupe, hana mwengine. Penye uzi mweusi, hapo alikuwa akitafuta watu, na nimeziba mimi. Usi, lako la miraba ya buluu. Tazama upande wa miguuni."

Jaji akaahirisha. Adhuhuri ile mji uligeuka ghala. Madirishani, vibarazani, uani, magodoro yalitolewa yakapekuliwa kama yana chawa, na kutoka nyumba hii na ile ikasikika sauti ya mwanamke, "Alaa! Na hili!"

Siku ya pili Usi alipanda Vuga, godoro la miraba ya buluu kichwani, na nyuma yake wanne wengine na ya kwao. Jaji akasema moja linatosha, mahkama si duka la samani. Wakalifumua mbele ya wazee washauri wa jaji. Penye uzi mweusi palikuwa na shimo mpaka kati ya godoro, limejazwa vipande vya kanga kuukuu.

"Ndo maana mbavu zinaniuma!" Usi alipayuka. "Na mimi miaka yote namlaumu mke wangu!"

Hata jaji aliinamisha uso. Hakuna aliyemcheka daktari tena.

Wazee walikubaliana na daktari, na jaji akakubaliana na wazee: Simai ameua, lakini hakuwa na akili zake. Hatanyongwa. Atawekwa hospitali mpaka serikali iamue. Bi Shemsa aliinuka akatoka.

Mlangoni alikutana na Khamisa, mjane wa Masoud, katika nguo zake za eda, aliyeruhusiwa kuja kusikiliza hukumu.

"Ungelisema mwanzo," alisema Khamisa, "Masoud asingemwachia mtaimbo mkononi."

"Kweli," alisema Bi Shemsa. Msamaha haukuwa kitu cha kuulizia bei siku ile.

Kufika nyumbani alivikunja vitu vya posa, akavifunga kwenye kitambaa, akangoja Bi Wanu avifuate. Bi Wanu alikuja kabla ya magharibi. Hakuligusa furushi. Alikaa, akatazama mlango, akauvuta ukafungika.

"Nna kaka yangu Mbweni," alisema taratibu. "Chumbani, hatoki. Watu tunawaambia yuko Mombasa."

Bi Shemsa alimtazama, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Simai akamatwe. "Sisi tulikuwa Pemba."

"Huyo daktari wenu... anaonekana siku gani?"

"Kwanza tuseme harusi."

"Shemsa! Wewe huachi biashara hata leo?"

"Harusi mwezi wa mfunguo pili," alisema Bi Shemsa, akilisukuma furushi la posa nyuma yake. "Daktari Jumatatu. Ntakupeleka mwenyewe."

Akamwita Mwatima alete kahawa.