Wastaafu Langoni mwa Yadi

Baba alistaafu unyapara wa barabara mwaka uleule nilioajiriwa kupiga taipu katika ofisi ya serikali mjini Kakamega. Uhuru ulikuwa bado mbichi; tulipoimba wimbo wa taifa, wengine walikuwa bado wanachungulia maneno kwenye karatasi. Kazini walimuaga kwa chai na blanketi. Chama cha wafanyakazi hakikumuaga, kwa sababu yeye mwenyewe alikataa kuagwa.

Kila Jumamosi ya mkutano alinyoa ndevu, akabandika beji ya chama kwenye koti, akaenda kuketi mstari wa mbele na wenzake wawili: mmoja alikuwa tarishi wa posta, mwingine mpishi wa hospitali, wote wamestaafu. Walifika saa nzima kabla ya mwenyekiti. Mimi nilikuwa nimechaguliwa katibu msaidizi, hivyo kumbukumbu za mkutano uliopita nilizisoma mimi, na hao watatu walizisikiliza kama watu wanaochambua mchele.

"Katibu Msaidizi ameandika kwamba nilinung'unika," baba alisema siku moja, amesimama wima. "Mimi sinung'unikangi. Mimi nilipinga."

Nyumbani aliniita mama, maana nimerithi jina la mama yake. Mkutanoni nilikuwa Katibu Msaidizi, basi. Na nikithubutu kumuuliza jambo la chama tukiwa mezani, aliniambia nililete kwa maandishi.

Nikachoka. Niliandaa hoja kwamba wastaafu waketi nyuma na wasiseme mpaka waulizwe. Niliipiga taipu nakala tatu, nikaenda nayo mkutanoni.

Lakini kabla ya hoja yangu kulikuwa na suala la makoti ya mvua. Kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri, na vibarua wa barabara walikuwa bado wanajifunika magunia, vilevile kama enzi za mkoloni. Barua ya kudai makoti ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni mtu wa kumpelekea injinia wa barabara, kwa kuwa kibarua aliweza kuachishwa kazi asubuhi yoyote bila kuelezwa sababu. Mwenyekiti alipouliza nani ataipeleka, watu walitazama viatu vyao. Nami nilivitazama vyangu. Nilikuwa na miezi minne tu kazini.

Baba akasimama.

"Tutapeleka sisi watatu. Watatufuta kazi gani?"

Ukumbi mzima ulicheka, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Hoja yangu ilibaki mkobani.

Jumatatu alasiri nilisingizia kwamba naenda posta, nikapitia kwenye yadi ya barabara. Mvua ilikuwa imeshika kasi. Niliwakuta langoni, wamejifunika magunia yaliyochomoza juu kama kofia za ajabu, na chini yake suti za kanisani. Tarishi ameikumbatia barua ndani ya mkoba wa ngozi ambao, kwa haki, alipaswa kuurudisha alipostaafu.

Injinia, kijana aliyerudi majuzi tu kutoka masomoni ng'ambo, alitoka mbio na mwavuli.

"Wazee wangu, ingieni ndani! Mtaugua!"

"Tuko sawa," baba alimjibu. "Watu wako si ndivyo wanafanyanga kazi?"

"Tafadhali, mzee. Wapita njia watanifikiriaje?"

"Basi toka wewe chini ya mwavuli. Tumekuletea lako."

Mpishi akamkabidhi gunia la nne. Lilikuwa la mahindi, bado lina makapi. Nilidhani kijana atafoka. Alilitazama kidogo, akaufunga mwavuli, akalivaa, akasimama na wazee hapo hapo kuisoma barua mpaka wino ukaanza kuchuruzika. Vibarua waliokuwa juu ya lori walitulia tuli. Aliyecheka ni mimi, nikalazimika kujificha nyuma ya pipa la lami.

Makoti yalikuja baada ya majuma kadhaa, yote ya kipimo kimoja, cha jitu ambalo sijapata kuliona Kakamega. Vibarua waliyakunja mikono mara tatu, wakayavaa kwa fahari. Ile hoja yangu niliiwashia moto jikoni, nakala zote tatu, na mpaka leo naona haya kidogo.

Baba alipata mafua, akalala siku tano huku akiyafurahia waziwazi. Wenzake walikuja kumjulia hali. Mama alipoingia chumbani na uji, aliwakuta wamefungua mkutano kando ya kitanda.

"Ngoja kidogo, shemeji," tarishi alimwambia. "Tumefika ajenda ya pili, na akidi imetimia."

"Basi hiyo akidi ivae viatu iende kwake," mama akasema. "Mgonjwa anakunywa uji."

Walitoka kwa utii mkubwa. Nilipokwenda kuanua nguo niliwakuta nje, chini ya dirisha la baba, mpishi amekalia ndoo iliyopinduliwa, wako ajenda ya tatu.