Sehemu ya Pamoja Iko Tayari

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlango kufunguliwa, nikasimama nje ya ofisi ya visima nikifuta vumbi la Dodoma kwenye viatu. Nilipofuta lilirudi, nami nikafuta tena. Niliajiriwa kama mchapaji. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kilichonyofoka kurasa za mwanzo, nikaishi na hofu kwamba jambo ambalo kila mtu analijua liko kwenye kurasa zile. Kwa hiyo kila kazi niliirudia mara mbili, tatu. Wakubwa waliiita bidii. Ninyi vijana nawaambia ukweli: ulikuwa woga.

Miaka ile mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa na wenzetu wengi walikuwa wanapunguzwa kazini. Mimi nilipandishwa, kwa sababu wafadhili walileta kompyuta kubwa na hakukuwa na mwingine wa kuishika. Mhandisi wa Maji aliniita ofisini kwake.

"Bi Zaina, wachapaji wanataka mfumo wa Windows. Programu ya ramani inataka Linux. Mashine ni moja. Utafanyaje?"

"Zitakaa zote mbili, Mhandisi. Ukiwasha, inakuuliza unataka ipi."

"Na takwimu za visima zitakaa kwa nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kufomati ni kuipanga diski upya, kilichokuwamo kikifutika, ili mfumo ujue wapi pa kuandika na wapi pa kusoma, na kila mfumo una mpangilio wake. Windows haikuweza kusoma mpangilio wa Linux, na Linux ilisoma ule mpya wa Windows lakini haikuaminika kuuandikia. Dawa ilikuwa kutenga sehemu ya tatu ya diski, kubwa kuliko zote, na kuifomati kwa mpangilio wa zamani uitwao FAT32, ambao pande zote mbili ziliuelewa.

Nilianza upande wa Windows. Ilifanya kazi asubuhi nzima, asilimia zikipanda polepole, mpaka mwisho kabisa ikaniambia sehemu ni kubwa mno. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Jibu lilikuwa lile lile. Siku ya tatu ndipo nilipogundua kwamba Windows ile husoma FAT32 ya ukubwa wowote, ila haikubali kuitengeneza ikipita gigabaiti thelathini na mbili. Nikaenda upande wa Linux, nikaandika amri ya mstari mmoja, ikamaliza kabla sijakaa vizuri kitini. Nikajaribu faili moja pande zote mbili, likafunguka, nikalifuta. Ijumaa ile mchana nilibandika karatasi juu ya mashine: SEHEMU YA PAMOJA IKO TAYARI. Niliiandika mara tatu ili herufi zilingane. Kisha nikapanda basi kwenda Kondoa, kwenye harusi ya dada yangu.

Harusini sikula vizuri. Nilikumbuka kwamba FAT32 huigawa diski katika vichumba, na faili dogo hata likiwa na mistari mitatu huchukua kichumba kizima. Nilikuwa nimeacha vichumba vikubwa, na kumbukumbu za visima ni mafaili madogo madogo. Hakuna ambaye angeona hasara hiyo. Diski ilikuwa na nafasi ya kutosha miaka kumi. Lakini mimi ningejua, na hilo lilinikera kama mchanga kwenye wali.

Jumatatu niliingia kabla ya wenzangu wote, nikatoa amri ile ile, safari hii kwa vichumba vidogo. Sikufungua kwanza kuona kilichomo, kwani Ijumaa niliiacha tupu.

Saa mbili aliingia Mzee Ndahani, mtunza kumbukumbu wa uchimbaji, Mgogo wa Hombolo aliyezunguka na mitambo tangu ujana wake, akanisalimia Kigogo.

"Mbukwa, mtu wa Kondoa! Harusini umetuletea nini?"

"Shikamoo, Mzee. Nimeleta karanga."

"Marahaba. Basi weka karanga, fungua mashine uone. Ijumaa nimesoma tangazo lako, nikamwaga visima vyangu vyote humo. Mwaka mzima nachapa kwa kidole kimoja! Disketi nilizovihifadhia nimezifuta, nizitumie kwa visima vipya."

Nilisimama pale na karanga mkononi. Alipouliza kama naumwa, nilimwambia nilichofanya. Hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa, akatazama ile karatasi yangu.

"Lakini uliandika iko tayari."

Mtu asiyeijua nchi yetu hataona uzito wa kilichopotea. Chini ya uwanda huu kuna maji matamu na kuna maji ya chumvi, na kila kumbukumbu ya Mzee ilitaja kina ambacho mchimbaji lazima aishie. Akipita hapo, kijiji kinapata kisima ambacho hata ng'ombe watakikataa.

Mhandisi alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea barua ya kuachishwa kazi.

"Mashine haikukosea," alisema. "Nawe kufomati unajua. Kosa lako ni kuwaambia watu iko tayari wakati moyoni hujamaliza. Ukiwa hujamaliza, sema hujamaliza. Sasa nenda mkachape upya."

Tulichapa majuma saba, Mzee akisoma madaftari yake ya porini, mimi nikiandika. Nakala nyingine nilihifadhi kwenye disketi kila jioni. Tulipofika visima vitatu vya upande wa Kondoa, alifungua daftari likamvunjikia mkononi. Mchwa walikuwa wameshalimaliza.

"Unakumbuka kina, Mzee?"

"Cha kwanza nadhani arobaini na tano."

Nikaandika arobaini na tano. Jedwali likapendeza. Nilitamani sana likamilike, asije mtu akaona shimo na kuuliza nani alilitoboa.

"Mwanangu," Mzee akasema, "nimesema nadhani. Mashine imeandika ‘nadhani’?"

Nikafuta. Kwenye mistari yote mitatu nikaandika: kina hakijulikani, kumbukumbu ilipotea mikononi mwa mwandishi. Nikaweka jina langu.

Baadaye nilihamishiwa Mpwapwa, kisha nikarudi Dodoma chini ya wahandisi wengine wanne. Mashine zilibadilika, na jedwali likahamishwa kutoka moja hadi nyingine, na mistari yangu mitatu ndani yake. Kila bosi mpya aliiona, na kila mara nilieleza. Sikuwahi kuzoea.

Mwaka wa kustaafu nilimkabidhi ofisi mama mmoja kijana, msomi wa chuo. Alipitia orodha yote, akachomoa kalamu ya kusaini hati ya makabidhiano.

"Kwa hiyo kila kitu kiko tayari, mama?"

"Hapana," nilimjibu. "Visima vitatu bado. Mtu asichimbe karibu navyo kabla hamjapima."

Akaandika hivyo hivyo kwenye hati, ndipo akasaini. Nami nikasaini chini yake, mara moja tu.